Traiki ya watu wanne na baridi ya Januari

Saa tatu na nusu asubuhi, mwezi wa Januari, siku ya bamvua. Maji yamekupwa hadi miamba imetoka, na ufuo wa Kikambala umekuwa mpana kama uwanja wa mpira. Juu yake, futi elfu mbili hivi, traiki yenye tanga la buluu inaelekea kusini ikiwa na mtu mmoja. Chini anawaona wachokoaji pweza wakitembea miambani na mikuki yao, akataka kuwatazama kwa karibu. Akaondoa mguu kwenye mafuta. Injini ikabaki kunguruma chinichini, traiki ikateremka dakika mbili nzima huku upepo wa mwendo ukimpiga kifuani. Alipofika futi mia saba akakanyaga mafuta ili apande tena. Injini ikavuma, ikapandisha sauti, kisha ikakata. Haikukohoa wala haikupiga mshindo. Propela ilisimama nyuma ya mgongo wake kama kasia lililokwama matopeni.

Mkono wake ukafanya ulichofundishwa miaka kumi na minne nyuma. Ukasukuma.

Nimefanya kazi ya ufundi wa ndege kwenye uwanja wa Wilson, Nairobi, muda mrefu kabla sijarudi nyumbani Mombasa, na wenye traiki hii, watu wanne wa chama kimoja, waliniita niifungue injini. Nilidhani nakwenda kutazama pistoni. Mwisho nilikaa zaidi na daftari la chama kuliko na pistoni, na kisa chenyewe nimekiona humo.

Kwa asiyewahi kuiona, traiki ni kigari cha magurudumu matatu kinachoning'inia chini ya bawa la kitambaa, injini nyuma, watu wawili mbele yake wakiwa wamepakatana kama kwenye bodaboda. Haina usukani. Rubani ameshika upau mlalo uliounganishwa na bawa, na anaiongoza kwa kuuhamisha uzito wake mwenyewe. Akiuvuta upau kifuani, mwili unakwenda mbele, pua inashuka, kasi inaongezeka. Akiusukuma mbele, pua inanyanyuka na kasi inakufa. Kwenye Cessna, ndege ndogo ya kawaida yenye usukani, mambo ni kinyume: unasukuma kushuka, unavuta kupanda. Hata chini ardhini miguu inageuka. Kwenye Cessna mguu wa kulia unakupeleka kulia. Kwenye traiki unasukuma gurudumu la mbele moja kwa moja kama kigari cha watoto, mguu wa kulia unakupeleka kushoto.

Sasa mpe traiki mtu aliyefunzwa Cessna. Akiwa ametulia ataiendesha vizuri tu, maana anafikiri kabla ya kila tendo. Injini ikikata, hakuna kufikiri. Cha kwanza anachofundishwa kila rubani duniani ni kushusha pua, kwa sababu ndege isiyo na injini huishi kwa kasi, na bawa likikosa kasi huacha kubeba. Mwenzetu alijua hivyo vizuri kabisa. Alitaka kushusha pua, mkono ukasukuma, pua ikanyanyuka.

Ndege nyepesi za namna hii hazisamehi hapo. Gari zito likizimwa injini huendelea kuserereka. Baiskeli yenye mwavuli uliofunguliwa husimama. Traiki ni hiyo baiskeli. Kasi inaisha kwa kuhesabu moja, mbili, tatu.

"Nilisikia upepo ukinyamaza, mzee," aliniambia, mkono umefungwa plasta. "Ule ukimya ndio ulionishtua, si injini." Akauvuta upau mpaka ukamgusa tumbo. Pua ikaanguka, kasi ikarudi, lakini futi mia tatu zilikuwa zimekwisha. Aliyekuwa na futi mia saba sasa ana mia nne, na hizo alizitumia kugeuka nusu kuukabili upepo na kutua kwenye mchanga uliolowa. Gurudumu la mbele likazama penye ulaini, traiki ikalala ubavu. Kifundo cha mkono kikavunjika, propela ikakatika, upau ukapinda. Basi. Lau injini ingekata kwenye futi mia mbili, au lau maji yangekuwa yamejaa, nisingeandika hivi.

Chama kilianza kwenye kahawa tungu Mji wa Kale, kama vyama vingi. Mmoja ni fundi wa mashine za boti mwenye karakana Tudor. Wa pili ana duka la vipuri Mwembe Tayari. Wa tatu ni mwalimu wa fizikia. Wa nne, aliyeanguka, ana leseni ya rubani binafsi aliyoipata ujanani kwa fedha ya marehemu mjomba wake, kisha maisha yakamshika na Cessna ya kukodi ikawa ndoto. Hesabu yao haikuwa ya kijinga. Leseni ile inataka masaa arobaini angani kwa uchache, na kila saa ya ndege ya kukodi Nairobi ni fedha ambayo mtu wa mshahara wa kawaida anaifikiria mara mbili. Traiki iliyotumika, injini ya Rotax 582 ya tu-stroki, waliipata bara kwa milioni moja na laki mbili. Laki tatu kila mtu. Inakunywa petroli ya kituo chochote, lita kumi na sita kwa saa hivi, yaani chini ya shilingi elfu tatu kwa bei ya wakati ule. Mchango elfu tano kwa mwezi. Pwani nayo ina faida ambayo watu wa bara hawana: Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, hewa nyembamba, injini ndogo inahema. Kiwanja chao cha nyasi, kaskazini ya Mtwapa, kiko karibu usawa wa bahari. Traiki inapaa kama imetupwa.

Hata walijua kujitenga na njia za ndege kubwa zinazoingia uwanja wa Moi, Mombasa, na traiki ilikuwa imesajiliwa na namba yake ya 5Y, alama ya ndege za Kenya, imebandikwa. Nasema haya kwa sababu watu wakisikia ndege nyepesi imeanguka husema palepale: wahuni hao. Hawakuwa wahuni.

Daftari la chama limeandikwa kwa mkono wa mwalimu wa fizikia, mwandiko wa ubaoni. Mkutano wa pili una mjadala mrefu juu ya mafunzo. Mwalimu wa urubani atoke bara, aje Ijumaa kwa treni ya SGR, arudi Jumapili. Shilingi elfu kumi na mbili kwa saa, malazi juu yetu. Mwenye duka anauliza kwa nini wasijifunze wenyewe kama Wamarekani. Swali hilo si la ovyo, na mwalimu wa fizikia alilijibu kwa ukurasa mzima.

Marekani michezo hii ilianza kweli pale John Moody alipofunga injini ndogo kwenye bawa la kuelea na kupaa kwa miguu yake mbele ya umati wa Oshkosh mwaka 1976. Miaka sita baadaye, 1982, serikali ikatoa kanuni fupi mno: ndege yenye kiti kimoja, isiyozidi kilo 115 hivi bila mafuta, tangi la lita 19, mwendo usiozidi noti 55, yaani kilomita mia moja hivi kwa saa, hairuki usiku wala juu ya makazi ya watu. Ukitimiza hayo, huhitaji leseni, huhitaji cheti cha daktari, ndege haihitaji usajili. Mantiki yao ni kwamba utakayemdhuru ni wewe mwenyewe. Mwenye duka aliipenda sana mantiki hiyo. Ila mwalimu wa fizikia aliandika sentensi moja ambayo ningeipigia mstari: "Kiti kimoja maana yake ni kwamba mwalimu anabaki chini." Safari yako ya kwanza ni ya peke yako. Waingereza wakaenda njia nyingine, viti viwili na masaa 25 kwa uchache kabla ya leseni kamili ya ndege nyepesi. Na Kenya hakuna mlango wa Wamarekani. Rubani ana leseni ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, au ni mwanafunzi chini ya mwalimu.

Wakapitisha kumleta mwalimu wa urubani. Hongera kwao. Kisha, mstari wa mwisho wa ukurasa uleule: "Mwenzetu ana leseni tayari, atapunguziwa masaa."

Mwalimu wa urubani alipendekeza masaa kumi na mawili kwa mwenye leseni. Chama kikapiga kura, yawe sita. Akiba ya elfu sabini na mbili. Nilimpigia simu mwalimu huyo, hakuficha. "Mzee, baada ya sita alikuwa akiruka vizuri kuliko wote. Nikatia saini." Namuamini. Shida ni kwamba vizuri ile ilikuwa ya asubuhi tulivu, injini ikifanya kazi, mwalimu nyuma. Anayeanza hana kitu mkononi, ukimfundisha kuvuta atavuta. Mwenye leseni mkono wake umejaa, na kabla hujatia kipya lazima umwage cha zamani, jambo linalochukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo yule aliyeonekana kuhitaji masaa machache ndiye aliyehitaji mengi. Wanne wale walihesabu kinyume, na mimi kwenye nafasi yao ningehesabu vilevile, nakiri.

Halafu kuna hesabu nyingine ambayo daftari halikuiandika, nikaitafuta mwenyewe kwenye vitabu vyao vya kuruka. Katika miezi kumi na minne traiki iliruka masaa hamsini na mawili. Kwa mashine si haba. Lakini fundi wa boti, ambaye kiwanjani hakosi, alikuwa na ishirini na moja. Mwalimu wa fizikia kumi na manne. Mwenye duka tisa. Mwenye leseni manane, sita ya mafunzo na mawili peke yake, na hayo mawili ya mwisho aliyaruka wiki tano kabla ya ajali. Chama kiligawa gharama ya ndege kwa wanne, na bila kukusudia kikagawa uzoefu kwa wanne vilevile. Laki tatu ilimpa kila mmoja robo ya traiki, na robo ya traiki inatoa robo ya mazoea.

Tukaifungua injini karakanani Tudor, fundi wa boti akishika taa. Lazima niseme, ajali iliripotiwa kwanza na ruhusa ya kuihamisha ikatolewa, maana bahari ilikuwa inarudi. Wavuvi waliibeba na mabichi boi wakaleta kamba. Fundi wa boti alifika na mitungi ya maji yasiyo na chumvi, akaiosha kila mrija wa alumini, kila nati, kabla chumvi haijakauka. Hakuna fundi wa Wilson ambaye angekumbuka hilo haraka hivyo. Fremu ile ilipona kwa sababu yake.

Nilipotoa pistoni ya nyuma, mikwaruzo ilikuwa pande nne, imepangika kama pembe za meza. Fundi akasema, "Joto. Imeshika kwa joto." Nikamwambia hapana, hii ni baridi. Akacheka, jasho likimtoka. Baridi gani Mombasa, Januari, digrii thelathini na mbili?

Ndiyo, baridi. Injini hii hupozwa kwa maji yanayozunguka kwenye rejeta, na kuna themostati inayoyafungia maji ndani ya injini yasiende rejeta mpaka yapate moto. Kazi yake ya kawaida ni digrii 65 hadi 80. Rubani alipoondoa mguu kwa dakika mbili, injini haikuwa ikitoa moto wa maana; themostati ikajifunga, na maji yaliyokuwa ndani ya rejeta yakapigwa na upepo wa mwendo wa ndege mpaka yakapoa. Halafu mafuta yote kwa mara moja. Pistoni ikapata moto na kutanuka papo hapo, themostati ikafunguka, maji ya baridi yakaingia kwenye silinda, nayo ikasinyaa. Pistoni inayotanuka ndani ya silinda inayosinyaa hubanwa pande zote. Ikashika. Dawa yake ni ya bure: unaposhuka, usiiache injini ilale; iachie mafuta kidogo, ipandishe mara kwa mara, na ukitaka nguvu irudishe taratibu huku jicho likiwa kwenye geji ya maji.

Fundi alikaa kimya kidogo. Kwenye boti, akasema, haya hayapo. Kweli hayapo. Boti hupozwa na bahari yenyewe, na bahari ya hapa haibadiliki joto kwa dakika mbili. Na mashine ya boti ikishika, unatia nanga na kupiga simu.

Kisha nikakuta masizi kwenye mifereji ya ringi, ringi moja imegandamana. Nikamuuliza anachanganya oili gani na petroli. Uwiano ulikuwa sawa, hamsini kwa moja, kama Rotax wanavyotaka. Oili yenyewe ilikuwa ya boti, ile ya dumu analonunua kwa jumla, nusu bei. Oili ile imetengenezwa kwa mashine zinazokaa baridi majini; injini ya ndege hufanya kazi moto zaidi na inataka oili ya daraja jingine. Sikuweza kuilaumu oili kwa kushika kwenyewe, alama za pistoni zilisema vingine. Lakini ringi iliyogandamana haisaidii kitu, na kwa kasi ile masizi yalivyojaa, injini isingefika masaa mia tatu ambayo ndiyo muda wake wa ovahoo, yaani kufunguliwa na kukarabatiwa yote.

Nilipoweka vitu viwili hivi pamoja ndipo nilipouona mwili wa kisa. Rubani alileta mkono wa Cessna. Fundi alileta oili ya boti. Wote wawili ni weledi, kila mmoja alikuwa ndiye anayejua kuliko wenzake, na chama kiliokoa fedha hasa palepale penye weledi. Hakuna aliyethubutu kumwambia fundi wa tu-stroki wa miaka ishirini kwamba hajui tu-stroki hii. Hakuna aliyemwambia mwenye leseni arudi darasani. Yule mwenye duka, asiyejua lolote na anayetaka kila kitu bei rahisi, ndiye aliyepata masaa tisa yote akiwa na mwalimu nyuma, kwa kuwa hakujiamini. Mpaka leo ndiye pekee kati yao ambaye sina wasiwasi naye.

Matengenezo yaligharimu laki tatu na themanini na tano: pistoni mbili, kuchonga silinda, propela, upau, gurudumu la mbele. Bei ya ile akiba ya elfu sabini na mbili kila mtu anaijua sasa bila mimi kuisema; waliandika namba hizo mbili daftarini ubavu kwa ubavu, mwandiko wa ubaoni. Mwalimu wa fizikia alileta tena hoja ya parachuti ya roketi, ile inayoishusha ndege nzima, na ikaahirishwa tena, kwa sababu bei yake inazidi michango ya mwaka mzima. Kwa maoni yangu si kosa. Kwa fedha hiyohiyo ningenunua masaa.

Walichobadilisha ni mambo matatu, na moja sina hakika nalo. Oili sasa ni ya ndege, fundi amelitoa dumu lake kiwanjani. Asiyeruka siku thelathini harudi peke yake, anaruka kwanza na mwalimu kwa gharama ya chama, si yake. Hapa ndipo mwenye duka alipopiga kelele, akazidiwa kura. Na mwenye leseni anaanza upya, masaa kumi na mawili, kama kwamba hajawahi kushika ndege. Hilo ndilo lenye shaka, maana huwezi kumzimia mtu injini mara hamsini angani.

Kwa hiyo anafanya nyumbani. Nilikwenda kumtazama Bamburi juzi. Amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, mpini wa ufagio umefungwa kwa kamba kwenye tawi mbele ya kifua chake, mkono mmoja bado dhaifu. Bintiye wa miaka tisa ameruhusiwa kumvizia. Anacheza, anazunguka nyuma ya ukuta, anasahauliwa kabisa, tunaongea mpira, halafu anapiga kelele, "Imezima!" Baba anauvuta mpini mpaka tumboni. Tukaendelea kuongea. "Imezima!" Akavuta. Mkewe akaleta chai na mahamri, tukanywa, tukabishana kuhusu bei ya petroli, akaweka kikombe chini na kurudisha mikono kwenye mpini bila kuwaza.

"Imezima!"

Akasukuma.

Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Baba hakucheka. Alichukua kipande cha chaki mfukoni, akainama, akaongeza msitari mmoja kwenye shina la mwembe, upande wa kushoto, ambako palikuwa na misitari sita mingine.